Robo Tatu ya Kikombe

Majani ya chai yaliyokaangwa, yakikutana na maji ya moto, hutoa harufu ya ubao ulionyeshewa na mahindi yaliyobabuka kidogo. Nikiisikia, mwenzangu, narudi utotoni, miguu ikining'inia kwenye kiti kirefu, dukani kwa Madame Lin huko Ixelles, Ulaya.

Nilimsubiri mama pale kila nilipotoka shule, maana yeye alikuwa kazini akihudumia wazee hadi jioni. Madame Lin, Mchina mwembamba wa sauti ya chini, alizaliwa katikati ya mashamba ya chai na hakuwahi kufanya kazi nyingine. Wanawake wa Matonge, mtaa wetu Wakongo, walimtania kwamba ameolewa na birika. Kweli alilipenda. Alilipasha moto kwanza, akamwaga maji ya mwanzo (nami nikiisikitikia chai ya watu!), kisha akanusa kifuniko amefumba macho. Vikombe vyake vilikuwa vidogo kama ganda la yai, na kimoja kilikuwa changu.

Hakukijaza hata mara moja. Kwao, aliniambia, kikombe hutiwa robo tatu, na nafasi inayobaki ni ya upendo. Ukimjazia mgeni hadi juu, umemwambia aondoke.

Shida ilianza jioni mama alipokubali kuketi anywe. Alikitazama kikombe, akanywa, akashukuru kwa Kifaransa kizuri. Tulipofika kituo cha basi akalipuka.

"Eh! Bon, iyi ni chai ao ni dawa? Kwetu Lubumbashi, mugeni unamujazia kikombe mupaka inamwangika. Nusu ni ya muntu mwenye unapenda aende!"

"Maman, kwabo ni..."

"Nyamaza. Donc dimanche atakuya kwetu, nimuonyeshe."

Na Jumapili akaja, amevaa nadhifu, na boksi la keki mkononi. Mama alikuwa amepika chai ya maziwa na tangawizi. Akammiminia kwa moyo wake wote, hadi ikafurika kwenye kisahani. Madame Lin alikitazama kikombe kile, uso ukamnywea. Akanywa mafunda machache, akashukuru, akachukua koti lake. Vitumbua havikuguswa.

"Umeona?" mama akasema mlango ulipofungwa, na machozi yalikuwa karibu. "Anatuzarau. Kesho ni ya mwisho kwa ule mama. Utakuwa unaningojea kwa salon ya tante, kwa Galerie."

Nililia hadi nikapata kwikwi. Saluni ya tante, shangazi yangu, ndani ya jengo la maduka, ilinuka nywele zilizoungua, na hakuna aliyenisemesha pale.

Kesho yake nilimweleza Madame Lin yote: kikombe kilichojaa kwetu maana yake nini, kisichojaa maana yake nini, na kwamba naondoka. Aliendelea kufuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

Mama aliingia bila kufungua koti. Madame Lin akamwekea kikombe, akaanza kumimina. Nikaona chai inapita pale inapokomea siku zote. Mkono wake haukusimama, hadi chai ikamwagika kwenye sinia la mbao.

Mama alikitazama kikombe, kisha akavua koti, akaketi. Kwa kuwa kilikuwa hakinyanyuliki, aliinama akakifyonza palepale mezani kama mtoto. Chai ilikuwa chungu na haina sukari hata punje, uso wote ukamkunjamana. Akaomba kingine.

Mimi nilifurahi tu kwamba nimeiepuka saluni.

Leo nami nauza chai, ndiyo kazi yangu. Juzi alikuja dukani mama mmoja mzee wa Lubumbashi, nikataka kumfurahisha, nikamimina nikikusudia kujaza. Mkono ukasimama wenyewe. Nikaulazimisha, ukakataa tena. Nilisimama pale na birika, nikamkumbuka Madame Lin, na nikampenda upya. Maisha yake yote alimimina chai kwa adabu, na jioni ile aliivunja adabu hiyo mbele ya mama yangu, ili mimi nisiondoke.