Thabit na Ulaya Yake

Thabit alikuja kwetu Matrah mwezi wa Oktoba, mwaka wa sabini, na begi moja la ngozi na mdomo. Mume wangu Muslim alisoma naye skuli moja Unguja. Alimkuta uwanja wa ndege kasimama peke yake, hana wa kumpokea, akamleta nyumbani bila ya kuniuliza. Mie nlikuwa nakaanga bajia. Hata sijaziepua, mgeni keshakaa ukumbini na keshaanza: "Shemegi, hizi bajia zingekuwepo Genova nisingekonda vile."

Basi ndo ikawa hivo. Ukimpa chai, atakwambia chai ya stesheni ya Basel. Ukianika shuka, atakwambia shuka za hoteli ya Marseille alikokuwa akifua, na makoti ya matajiri aliyokuwa akiyavaa kidogo, ajitazame kwenye kioo, kabla hajayarudisha. Majirani zetu, wote watu wa Unguja, wengine wameingia Maskati mwezi ule ule kutoka Kuwait na Misri, wakawa kila baada ya alasiri wanamiminika kwangu kumsikiliza. Wanaume ukumbini, wanawake nyuma ya pazia, na kahawa nnapika mimi. Wiki haijesha nimechoka naye, wala sikuficha.

Lakini kusimulia anajua, lazima niseme haki. Kisa walichokipenda zaidi ni cha mwenye nyumba wake wa Genova. Kizee cha Kitaliani kiliingia chumbani kikamkuta Thabit kasujudu. Kikadhani kuna kitu kimemponyoka kikaingia chini ya kitanda. Kwa huruma zake nacho kikapiga magoti ubavuni pake, kinapapasa sakafu, kinauliza, "Ni pesa? Ni kifungo?" Thabit yumo ndani ya sala, hawezi kujibu. Akiinuka, nacho kinainuka. Akirudi chini, nacho chini. Alipotoa salamu akageuza uso kulia, nacho kikageuka kulia kutazama kuna nini. Watu walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia kwenye kanzu zao, na kuzifua si wao.

Cha Basel nacho walikipenda. Polisi wa Uswisi walimteremsha kwenye treni wakamrudisha Ujerumani. Wajerumani wakamrudisha Uswisi. Akenda akarudi, akenda akarudi, mpaka muuza chai wa stesheni akajua mwenyewe anataka sukari ngapi. Wenzangu wakicheka. Mie nikisikiliza nyuma ya pazia nikaona kuwa kila kisa cha Thabit kinaishia mlangoni, pana mtu kasimama anamuuliza karatasi zake.

Na karatasi alikuwa hana. Alitoka Unguja mwaka wa sitini na mbili, kapata kazi ya kupakua chakula kwenye meli ya abiria. Pasi yake ilikuwa ya serikali ya Zanzibar ya wakati ule. Januari ya sitini na nne yakaja mavamizi, serikali ikaondoka, na pasi ikawa kitabu tu cha kutazama picha. Yeye yuko Hamburg. Tangu hapo akawa anasukumwa mji huu na mji ule kama mbuzi aliyeingia mashamba ya watu.

Kitu kimoja tu alikuwa hakisimulii, nacho ni baba yake. Mzee Ghanim aliuliwa mlangoni kwake siku zile zile za mavamizi. Sisi sote pale ukumbini tulikuwa tunajua, na hakuna aliyemtaja. Thabit akifika Januari ya sitini na nne, anaruka.

Sasa ntakwambia shida yake. Mwaka ule Oman ilikuwa imewafungulia watoto wake warudi, lakini lazima sheikh wa kabila lako aseme kuwa wewe ni wake. Thabit aliingia na karatasi ya safari moja tu, akapewa ruhusa fupi ya kukaa, na ikimalizika arudi alikotoka. Alikotoka ni wapi? Unguja haendeki, na Ulaya walishamchoka. Sheikh wa kabila lao yuko Ansab, huku Bawshar, na Muslim alipokwenda kumwomba akajibiwa hivi: "Nyinyi watu wa Zanjibar kila mmoja shahidi wa mwenzake. Hapa yupo Shaikha, dada wa huyo Ghanim, toka nitoke, tumbo moja. Akisema kijana ni mtoto wa nduguye, nami ntasema. Akikataa, usinirudie."

Bi Shaikha alimwona nduguye mara ya mwisho Ghanim bado mvulana, anapanda chombo kwenda Unguja. Alikuwa bibi mzima sasa, na moyo wake mbovu. Kila mtu wa Unguja aliyepita Ansab miaka ile alimuuliza, "Ghanim mmemwacha vipi?" Na kila mmoja alimjibu kuwa hana khabari. Nani anataka kuwa yeye ndo mwenye kumwambia?

Muslim akapanga mpango wake. "Mzee asitajwe kabisa," akamwambia Thabit. "Bibi akisikia msiba ataanguka pale pale, na akianguka nani tena atakushuhudia? We mpe Ulaya. Mchekeshe, akupende, halafu tutaomba hilo neno."

"Mtu anakwenda kwa shangazi yake au anakwenda kufanya mazingaombwe?" nikamuuliza.

"Wewe, Bi Nasriya, kazi yako kutafsiri," akanijibu.

Ni kweli, marehemu baba yangu alitulea kwa Kiarabu cha Oman. Thabit Kiarabu chake kilikuwa cha chuo cha Kurani, na matusi ya bandarini. Bi Shaikha Kiswahili hajui hata "karibu". Nikavaa buibui langu, tukapanda Landrova ya kukodi, tukenda kula vumbi.

Njiani nikamfundisha. "Sikiliza. Watu wa hapa hawaanzi na khabari. Mgeni huulizwa, una khabari gani? Na jibu lake ni moja: hakuna, kheri tupu. Hata kama nyumba yako imeungua asubuhi, unajibu kheri tupu. Utakula tende, utakunywa kahawa, utatikisa kikombe kuonesha umetosheka. Akikuuliza tena baada ya hapo, ndo anataka kweli."

"Kama polisi wa Basel," akasema. "Nao walianza kwa kunipa kahawa."

Nikamwambia anyamaze kidogo, koo lipumzike.

Nyumba ya Bi Shaikha ilikuwa ya udongo, kando ya mfereji, na mitende nyuma. Majirani wake wa kike walikuwa washajaa ndani, maana neno la mgeni kutoka kwa Nasara, ndo Wazungu, lilitutangulia. Mwenyewe alikuwa mdogo mdogo, kakaa kwenye mkeka, macho makavu. Alimpa Thabit mkono, Thabit akaubusu, na bibi hakumkumbatia wala hakumsukuma. Alimtazama tu. Akamuuliza khabari. Thabit akajibu vizuri, kheri tupu. Akamuuliza tena, akajibu vile vile. Zikaja tende, ikaja kahawa, Thabit akatikisa kikombe.

"Haya," akasema Bi Shaikha, na akasogea mbele kwenye mkeka. "Khabari."

Alichokuwa anakitaka kila mwenye macho alikiona. Thabit akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Muslim, aliyekuwa kakaa karibu na mlango. Muslim akakohoa. Thabit akaanza na Genova.

Nikatafsiri, ningefanyaje? Wanawake wa Ansab walicheka na shela midomoni. Bi Shaikha hakucheka. "Kisha?" akauliza. Thabit akamtilia Basel. "Kisha?" Akamtilia Marseille na makoti yake. "Kisha?" Jasho likaanza kumtoka mwenzangu, maana hajazoea kusimulia mtu asiyecheka. Akaona atoe kisa chake kikubwa, cha Hamburg, baridi ilivyogandisha ziwa katikati ya mji, watu wakatembea juu yake, na yeye akatembea, akafika katikati akaanguka chali, kofia ikateleza ikenda zake, mpaka mwanamke mmoja wa Kijerumani akamnyanyua kwa makwapa kama mtoto.

Hapo mambo yakaharibika. "Anasema ametembea juu ya maji," mmoja wa majirani akawaambia wenzake, na hakuwa anatania. Nikajaribu kuwaeleza barafu. Elezea mtu wa Ansab maji yaliyokuwa magumu mji mzima. Mwengine akasema wazi kuwa mgeni huyu mwongo, na kama hili ni uwongo basi na ubini wake pia uwongo. Nilimwona Muslim uso umemshuka. Bibi akimshika Thabit kwa uwongo, safari yetu imekwisha, na Thabit arudi kwenye mabenchi ya stesheni.

Bi Shaikha akainua mkono, wakanyamaza. Akanigeukia mimi.

"Muulize Ghanim kafa lini."

Nikamtazama tena Muslim, na safari hii hata kukohoa hakukohoa.

"Binti yangu," bibi akasema taratibu, "we si umekuja kutafsiri?"

Nikatafsiri. Bibi hakumngoja Thabit ajibu, akaendelea kusema na mimi kama yeye hayupo.

"Mtoto ambaye baba yake yu hai, ukimuuliza khabari huanza na baba yake. Huyu kanizungusha miji yote ya Nasara, na hakuna hata mmoja alipomtaja, wala kumwagizia salamu. Na Ghanim ndo alivyokuwa. Alivunja mtungi wa mama yetu, akaja mbio na kisa cha mbweha aliyemwona bondeni, kila akisimulia mkia unakuwa mrefu zaidi. Mama akimwacha amalize. Akimaliza, anamuuliza: na mtungi?" Akamnyoshea Thabit kidole. "Mwambie aanze upya. Aanzie kwa baba yake."

Thabit akaweka kikombe chini. Alisema pole pole, na mimi nikafuata neno kwa neno.

"Ni kweli nlianguka kwenye lile ziwa, shangazi, lakini sikuteleza. Alikuja Mngazija mmoja, baharia, meli yake imetoka upande wa kwetu. Alinitafuta mpaka akanikuta pale na wenzangu tunacheza. Akanambia baba yako kapigwa risasi mlangoni kwake, kazikwa pamoja na wengine, na shimo lenyewe halijulikani ni lipi. Ndo nlipoanguka. Nilikaa pale chini mpaka yule mwanamke akaja kuniinua. Alidhani nimelewa."

"Ukafanya nini?" bibi akauliza.

"Nikarudi melini, nikapakua chakula cha jioni. Sikumlilia. Nlikuwa sina wa kulia naye, na kule hakuna aliyekuwa akimjua baba yangu. Matanga ya peke yako yanakaliwa vipi?"

Nikatafsiri na hilo mpaka mwisho. Nilimwonea uchungu Thabit, nikamwonea uchungu bibi, na Muslim nikamwona mjinga.

Bi Shaikha hakuanguka. Alivuta shela akajifunika uso, na mabega yakawa yanamtikisika, bila ya sauti. Wale majirani waliokuwa wakicheka wakamzunguka wakamshika. Alipofunua uso, akamwambia mmoja wao, "Nenda kwa sheikh. Mwambie Shaikha kafiwa na nduguye Ghanim. Mwambie mwenye matanga yuko kwangu."

Kisha akamtazama Thabit toka juu mpaka chini, ile suruali yake ya Kizungu na shati la mistari, akamgeukia Muslim. "Mpe kanzu yako. Hawezi kupokea watu vile." Muslim hakubisha. Wakaingia chumba cha nyuma wakabadilishana. Muslim mfupi, basi kanzu ikamfika Thabit kwenye miundi, na mume wangu akatoka na suruali kaikunja mara mbili, anaishikilia kiunoni. Siku nyengine ningecheka mpaka kesho.

Baada ya sala ya alasiri wanaume wa Ansab wakaanza kuja. Thabit wakamkalisha barazani, mbele kabisa, penye ukuta, mahala anapokaa mwenye kufiwa na mzee wake. Mie nilikuwa dirishani na wanawake. Walikuja mmoja mmoja kwa safu, wakampa mkono, wakamwombea subira, wakapita wakakaa. Watu hata hajapata kuwaona, na wao hawajamwona. Wengine hawakumjua Ghanim ila kwa jina. Jibu la kuwarudishia nilimfundisha haraka haraka mlangoni, na alilisema kwa kila mmoja, kichwa chini, bila ya kukosea.

Mwisho akaja sheikh, yule yule aliyetwambia sisi kila mmoja shahidi wa mwenzake. Watu wote wakasimama. Akatembea mpaka penye ukuta, akamtazama Thabit usoni, kisha akatazama dirisha letu, anajua Bi Shaikha yupo nyuma yake. Ushahidi hakuulizia. Alimshika Thabit mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mungu akupe subira, Thabit bin Ghanim, kwa msiba wa baba yako."

Nami nikajua basi, yamekwisha. Rambirambi ya baba hapewi ila mtoto wake, na sheikh keshaitoa mbele ya Ansab nzima. Cheti cha sheikh kuwa Thabit ni wake, hicho kilichobaki ni kazi ya wino.

Thabit alifungua mdomo amjibu, jibu lisitoke. Alilia. Alilia kwa sauti, kanzu fupi ile, mbele ya wanaume wote wale, kilio cha mtu aliyeletewa khabari asubuhi ile ile. Bi Shaikha kando yangu akasema, "Mwacheni alie." Sheikh akakaa chini ubavuni pake, mkono hajauachia, na watu waliokuwa hawajatoa pole yao wakasubiri.