Ekari Tatu, Wana Sita, Wote Wazima

Saa mbili asubuhi, Ringwani, wilayani Serengeti. Ghati Wangwe ananing'iniza mizani kwenye boriti ya kibaraza cha kanisa, na mtoto wa kwanza anapiga kelele utadhani anachinjwa. Kufikia saa tano watoto ishirini na mmoja wamepimwa. Kadi zote ziko kwenye kijani, rangi ya uzito mzuri.

Mwingine angefurahi. Ghati, mwenye umri wa miaka 57, mhudumu wa afya ya jamii kwa miaka ishirini na miwili, anafungasha mizani yake na kuguna.

"Wote wazima," anasema. "Haya, niambie watalima wapi."

Uchungu huo ameutoa nyumbani kwake. Mama mkwe wake, Bibi Esta, alizaa watoto kumi na mmoja. Surua na malaria vikamwachia wanne. Ghati alipoolewa alipewa shauri moja: zaa tisa, ubaki na wanne. Akazaa tisa. Kila mmoja alimbeba mgongoni hadi zahanati kuchanjwa, mwendo wa saa tatu. Hakuzika hata mmoja.

"Nilizaa kwa hesabu ya mama mkwe, nikalea kwa hesabu ya zahanati," anasema.

Kati ya hao tisa, wana ni sita. Kwa mila, shamba la nyumba ya mama ni la wana wa nyumba hiyo, na nyumba ya Ghati ina ekari tatu tu. Nusu ekari kila mmoja, na bado wanaoa, na bado wanazaa.

Pembeni mwa shamba yapo makaburi saba ya watoto wa Bibi Esta, ambayo hayajawahi kuguswa na jembe. Msimu huu Magige, mwana wa nne, alipitisha plau hapo. Kaka yake Heche alidai kipande hicho ni chake, wakashikana. Heche alishonwa nyuzi kumi na moja mkononi.

"Niliwakinga na surua ili waje wakatane mapanga?" anauliza Ghati, machozi yakimlengalenga.

Wazee walimwendea Bibi Esta kumuuliza kuhusu makaburi. Kikongwe huyo hakuinua hata uso.

"Limeni," alisema. "Hao wangu hawali."

Tangu siku hiyo Ghati hapimi mtoto bila kumweleza mama yake habari za uzazi wa mpango. Wanawake wanamcheka. "Mama, wewe una tisa, sisi unatubania?" Wanasema kweli.

Mkwewe Robi, mke wa Magige, ana watoto watatu na anataka kuwekwa kijiti cha kuzuia mimba. Magige amekataa katakata. Kaka zake wanaongeza wana, anasema; yeye akibaki na wachache, nani atamshikia shamba? Amemwambia mkewe akienda zahanati asirudi.

Robi ataenda Alhamisi. Ghati atamsindikiza, na chumba cha kumpokea ameshakifagia.

Je, ana matumaini? Anakunja kamba ya mizani.

"Robi akibaki na hao watatu," anasema, "kila mmoja atapata pa kujenga. Pa kulima, mwanangu, hapo sijui."