Neno Alilolinywa Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto kule Palma, kaskazini mwa Msumbiji, msichana wa darasa la nne mwenye mwandiko wa kuringia, niliandika neno la Kiingereza na mama yangu mdogo akalinywa. Hata leo nikikumbuka, mate hunijaa mdomoni, yale mate yanayotangulia kutapika.

Kunywa maandishi kwetu si ajabu. Mgonjwa huandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa. Hilo ndilo kombe, nami nimelinywa mara nyingi kwa homa na kwa ndoto mbaya. Silitukani kombe. Ninayemtukana ni Fundi Bakari, mganga wa mtaa wetu, mzee wa kucha ndefu za njano na kanzu isiyojuana na sabuni.

Miaka hiyo watu wa gesi walikuwa wamefika, na kila mtu alitaka kazi kambini. Fundi akatangaza kwamba aya huponya maradhi, lakini kazi ya Wazungu hufunguliwa kwa lugha ya Wazungu. Watu wazima na akili zao wakaitikia. Kwa kuwa yeye alijua herufi za Kiarabu tu, akanijia mimi, kwa sababu baba alikuwa akichuuza nguo Mtwara na aliniletea kutoka huko kamusi kuukuu ya Kiingereza na Kiswahili.

Mama mdogo Somoe alikuwa ameitwa kambini kujaribiwa upishi. Mumewe alimwacha na watoto watatu, na pilau lake liligombewa na kila mwenye harusi. Aliihitaji kazi ile kuliko mtu yeyote niliyemjua, na hakuhitaji dawa yoyote ya kuipata. Lakini jamaa walimshikilia, na fundi akaletwa.

"Tafuta neno lenye maana nyingi kuliko yote," fundi aliniambia. "Mola ana majina tisini na tisa. Neno nalo, maana zikiwa nyingi, milango yake huwa mingi."

Niliketi uani na kamusi yangu tangu adhuhuri mpaka alasiri, jua likinichoma kisogo, nikipima maneno kwa kidole. Nikalipata: get. Herufi tatu tu, na maelezo yake yamejaza karibu ukurasa mzima. Kupata, kupokea, kufika, kuelewa, kuleta, kushikwa na ugonjwa. Nilimsomea fundi yote, hata hilo la ugonjwa. Akacheka, akasema dawa gani isiyo na uchungu. Nikavimba kichwa kana kwamba nimehitimu.

"Zafarani haishiki Kiingereza," akasema, akatoa kalamu nene ya kuandikia maboksi, aliyoiokota kwenye taka za kambi. Nililiandika neno mara saba kwenye sahani, kwa mwandiko wangu bora. Wino ulinuka kama petroli na haukukubali kutoka kwa maji. Fundi akachota mengine kwenye ndoo aliyokuwa akinawia miguu, akapulizia marashi ya chupa, akasugua kwa kidole chenye ukucha ule, akatemea mate mara tatu kwa baraka, akasugua tena. Yakatoka maji ya buluu yenye utando wa mafuta, na kitu kama uzi kikielea katikati. Nilikiona. Sikusema.

Mama mdogo alisema bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho.

Asubuhi yake nilimsindikiza hadi kwenye lango la kambi. Tulisimama kwenye foleni ya wanawake, yeye na kanga mpya, jasho likimtoka tangu tulipofika. Zilipobaki hatua chache aitwe, akajishika tumbo, akainama, akatapika. Matapishi ya buluu yalirukia viatu vyake na miguu ya mwanamke wa mbele. Mlinzi akaruka nyuma, akapiga kelele kwa Kireno kwamba ni kipindupindu, tutoke pale.

"Cólera! Sai daqui, sai!"

Foleni ikatawanyika. Akaja mtu mwenye barakoa, akamwaga klorini juu ya uchafu ule, ikamrukia na mama mdogo miguuni. Alijaribu kueleza kwamba si kipindupindu. Lakini angesema ni nini? Jina lake likakatwa, na jiko akapewa mwingine.

Jioni Fundi Bakari alikuja barazani kwetu, mbele ya wanawake wote, hana hata chembe ya haya. "Dawa haina kosa," akasema. "Mtoto kaficha maana zingine. Kaniandikia neno nusu."

Nilimtazama mama mdogo anitetee. Aliangalia chini. Wanawake wakanigeukia, na kuanzia siku ile niliitwa mwenye mkono mbaya. Nilimchukia mama mdogo kwa kimya kile miaka mingi, kuliko nilivyomchukia fundi.

Kisha vita vikatutawanya. Mwaka jana nilimkuta Mtwara, alikokimbilia, amezeeka, akikaa kwa binti yake. Tulipobaki wawili nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningekutetea, mwanangu, ningelazimika kusema Bakari mwongo," akanijibu. "Nami nilijua zamani kwamba ni mwongo. Wangeniuliza, sasa ulikunywa kwa nini?"

"Kwani ulikunywa kwa nini, mama mdogo?"

Alinishangaa. "Ulishinda juani mchana kutwa unanitafutia. Nimwage kazi yako mbele ya watu?"

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo chao, mtu mzima mimi. Miaka yote kinyaa changu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Bakari, na kucha zake, na ndoo yake. Sasa sijui nikipeleke wapi. Uzi ule ndani ya sahani niliuona, na ningesema neno moja la Kiswahili, asingekunywa. Watoto wake watatu walilala njaa siku nyingi kwa sababu mama yao hakutaka kunivunja moyo.