Picha ya Mwanamke Mwenye Jembe

Niliingizwa kwenye kundi la simu la ulinzi wa kijiji bila kuulizwa, wiki moja baada ya kurudi nyumbani na shahada yangu ya sosholojia. Kijiji chetu kiko wilaya ya Kibondo, upande wa Kitahana, kwenye njia ambayo watu wa kambi ya wakimbizi ya Nduta huipita asubuhi wakitafuta vibarua. Mwenyekiti alitaka kundi liwe na msomi. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo chini ya picha, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sababu picha zilikuwa zinapelekwa wilayani na mwenyekiti hakutaka tuonekane washamba.

Sheria ilikuwa moja tu. Ukimwona usiyemjua, mpige picha, tuma kwenye kundi, mgambo watamfuata. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na anayekamatwa anarudishwa na gari la saa sita mchana. Hiyo kila mtu anaijua. Kila mtu anajua pia ni nani wanaopalilia maharage ya mwenyekiti, yale yaliyo nyuma ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti mwenyewe hajainama shambani tangu nikiwa darasa la nne, lakini sijawahi kuona jani moja la magugu pale.

Nilikaa kwenye kundi lile miezi mitano. Sikuona hata siku moja picha ya mtu aliyepita kwa gari. Malori ya magogo yalipita yamefungwa turubai, dereva anapiga honi, mwenyekiti anainua mkono, basi. Waliopigwa picha ni waliotembea kwa miguu. Alipigwa mzee mmoja aliyekuja kuposa, kuku kwapani, na mimi nikaandika "amebeba kuku, haijulikani ni wa nani". Alipigwa muuguzi mgeni wa zahanati, kwa nyuma, akiwa amechuchumaa kufunga kamba za viatu. Watu wakaanza kuvaa kwa ajili ya simu za majirani. Mama yangu aliacha kwenda kisimani na kanga yake kuukuu. Alikuwa anavaa kitenge cha kwaya, kuchota maji!

"Wasije wakanirusha kwenye simu nikiwa hivi," alisema.

Nilimcheka. Nilikuwa najiona niko nje ya upuuzi ule, eti mimi naandika tu.

Siku ninayotaka kuieleza, picha iliingia kama saa mbili na nusu asubuhi. Mwanamke kwa nyuma, kichwa kimefungwa kilemba, ndala, jembe begani. Aliyeituma aliandika neno moja: "Huyu?" Nilikuwa nakunywa uji. Nikaandika: "Mwanamke, umri miaka sitini au zaidi, hajulikani, anatokea barabara kuu, ana jembe." Nikamalizia uji wangu.

Saa nne mama akatoka jikoni. Bibi, mama yake, alikuwa njiani kuja kwetu: ametoka kwao Muyama, akalala Kasulu kwa mama mdogo, akapanda basi la kwanza la Kibondo. Simu hana. Mama mdogo ndiye aliyepiga kuuliza kama amefika.

"Basi limeshapita zamani," mama alisema. "Amepotelea wapi mtu mzima?"

Nikafungua ile picha tena. Jembe lilikuwa bega la kushoto. Bibi yangu anatumia mkono wa kushoto, na katika ukoo wetu mama haendi kumtembelea binti yake mikono mitupu. Anakwenda na jembe lake, lenye mpini uliozoea kiganja chake, kwa sababu mgeni anayekaa kitini siku nzima akisubiri kupikiwa huyo si mama. Ndani ya basi hulifunga gunia. Akishuka hulifungua na kulitia begani, na hapo akawa hana tofauti na mtu wa kambini anayetafuta kibarua. Nami nilikuwa nimemwandika, kwa Kiswahili safi kabisa.

Nilikimbia hadi ofisini. Mgambo wawili walikuwa barazani wanasikiliza redio. Bibi alikuwa nyuma ya ofisi, kwenye maharage, anapalilia na wanawake watatu wa kambini, mmoja wao na mtoto mgongoni. Ndivyo walivyokuwa wakisubirishwa gari pale.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, msomi. Umekuja kuandika?"

"Nimekuja kumchukua bibi yangu."

"Yupi?"

"Yule anayepalilia maharage yako."

"Anajinyoosha tu. Mtu mzima ukimkalisha anaganda."

Mgambo mmoja akadakia: "Kitambulisho hana huyo."

Bibi akasikia. "Ninacho!" akapaza sauti kutoka kwenye tuta. "Kiko Muyama, ndani ya sanduku. Kitu kama kile mtu anazurura nacho kwenye mabasi? Kikipotea je?"

"Wote wanasema kiko kwenye sanduku," mgambo akasema.

"Nimekusalimia Kiha chako ukaitikia!"

"Siku hizi kila mtu anasalimia Kiha, bibi, hata wa kambini."

"Cha kwako kiko wapi?" nikamuuliza mgambo.

Akapapasa mfuko wa shati, halafu wa suruali, halafu akaongeza sauti ya redio. Mwenyekiti akacheka.

"Huyu namjua mimi," alisema.

"Na yule namjua mimi."

"Unamjua?" Akatoa simu yake, akasoma polepole, akifurahia kila neno. "Mwanamke, umri miaka sitini au zaidi, hajulikani. Si maneno yako haya? Asubuhi humjui, sasa hivi unamjua. Picha iko wilayani, maelezo yako wilayani. Nikimwachia, nitawaambia nini? Gari likija anapanda, akajieleze mbele ya safari."

Ilikuwa saa tano na robo. Mbele ya safari maana yake siku mbili, tatu, mwanamke wa miaka sabini na mbili akieleza kwa watu wasiomjua kwamba sanduku lipo na kitambulisho kimo. Chuoni nilijifunza kuuliza maswali juu ya kila kitu, nilipata na alama nzuri. Pale sikuwa na swali hata moja lenye faida.

"Nifanye nini?"

"Andika. Si ndiyo kazi yako?"

Nikaandika kwenye karatasi kwamba mwanamke niliyemwita hajulikani ni mama mzazi wa mama yangu. Mwenyekiti akasoma, akarudisha karatasi. Alitaka niongeze "kwa uzembe wangu". Nikaongeza. Akataka niandike pia kwamba uongozi wa kijiji hauna lawama. Hilo nikaliandika kwa herufi ndogo, akaniambia nilikuze. Ndipo akapuliza muhuri, akagonga. Karatasi hiyo ndiyo iliyomfanya bibi yangu awe mtu.

"Mume wangu!" bibi akaniita alipoambiwa atoke. "Umechelewa, nusura waniozeshe kwa huyu wa redio. Na mwambie mwenye shamba, haya maharage yamebanana mno, yanakosa pumzi."

Gari likaja saa sita kasoro. Wale watatu wakapanda nyuma. Hakuna aliyewaandikia chochote. Mgambo akawahesabu kwa kidole, kwa ukali, kama ndiyo kwanza anawaona. Mwenyekiti akasogea ubavuni mwa gari, karibu na yule mwenye mtoto, akasema kwa sauti ya chini, lakini sisi tulikuwa hatua nne tu kutoka hapo:

"Kesho msipite barabarani. Pitieni kule mtoni. Upande wa juu wa shamba bado haujaisha."

"Ndiyo, papa," yule dada akajibu.

Gari likaondoka. Bibi alibaki amelikazia macho.

"Yule mwenye mtoto amenisimulia," aliniambia. "Anapalilia hapa tangu mwaka jana, mvua za kwanza. Mtoto amemzaa akiwa kwenye kibarua cha hapa hapa, na mwenyekiti alimpa sabuni. Sasa mbona wanasema hajulikani?"

Nikamshika kiwiko nikamnong'oneza apunguze sauti, mgambo wako nyuma yetu na muhuri bado haujakauka. Bibi akatoa kiwiko chake mkononi mwangu. Akanitazama juu hadi chini, kama mtu aliyesomeshwa kwa hasara, akageukia baraza la ofisi, akauliza tena, safari hii kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.