Fundi Alivyonijulisha

Juma lililopita nilikuwa kibarazani kwa fundi mmoja wa masanduku, Mji wa Kale, nikijificha jua na maswali. Kazi yangu ya bandarini ilikwisha miezi mitatu nyuma.

Akaja mteja, bwana mmoja wa Kizungu, na fundi akaanza kutujulisha kwake sisi watatu tuliokaa pale, kwa Kiingereza alichookota kwa wateja. Kiingereza, naona, hakimjui mtu mpaka kijue anafanya kazi gani.

"Huyu ndugu yangu ni mwalimu wa madrasa," akasema fundi. "Huyu anashona kanzu."

Kidole kikanifikia mimi. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na miguuni nimevaa makubadhi yasiyo na kamba.

Fundi akaweka patasi chini. "Na huyu ni jirani yangu. Mamangu alipolazwa, yeye ndiye aliyempelekea uji kila asubuhi."

Yule bwana akanisogelea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, wala hakuuliza zaidi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba leo nimejulishwa kwa mtu.

"Kwa nani?"

"Kwangu mwenyewe."