Picha ya Khiem kwenye Meza ya Marehemu

Bi Nhan, mshonaji wa kofia za majani ndani ya kuta za ngome ya Hue, hakumwamini mtu. Mchuzi wa samaki aliuonja kabla ya kununua, asije akauziwa maji. Mganga akimpa dawa, yeye humwambia, "Anza wewe." Lakini hakumshuku yeyote kama jirani yake Bi Thoa, mjane aliyezika waume wawili na ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku ya kwanza ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya, mwaka ulioitwa wa nyani, mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye aletaye bahati ya mwaka mzima. Bi Nhan alikwisha kumwomba mwalimu mmoja mwenye watoto saba. Kabla mwalimu hajafika, Bi Thoa akaingia na sahani ya tangawizi ya sukari.

"Heri ya mwaka, shoga. Nasikia Khiem kaja likizo."

Khiem, mwana wa pekee wa Bi Nhan, askari wa serikali, alikuwa pale pale akila.

"Umeshamwona. Haya, nenda."

"Hata chai?"

"Imekwisha," alisema Bi Nhan, na birika likitoa mvuke mbele yao.

Alfajiri iliyofuata mji ulilipuka. Kulipokucha, bendera ya watu wa kaskazini, maadui wa serikali, ilipepea mbele ya kasri, na Khiem alikuwa darini, nyuma ya matita ya majani ya kofia. Bi Nhan hakulaumu jeshi lolote. Alimlaumu Bi Thoa na mguu wake.

Ikaja habari kwamba watu hao wanapita nyumba kwa nyumba na majina ya askari wa serikali mkononi. Hapo Bi Nhan akafanya jambo ambalo mama wa Hue hafanyi. Alichukua picha ya Khiem, akaiweka kwenye meza ya marehemu kando ya ile ya marehemu baba yake, akaipangia bakuli na vijiti vya kulia wali, akawasha ubani. Kumweka aliye hai pale ni kumwitia kifo.

"Usisikie haya," alimwambia marehemu mumewe. "Simleti kwako. Nadanganya tu."

Walikuja wawili wenye bunduki. Mkubwa wao aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Mama, huyu ndiye Khiem?"

"Ndiye. Alikufa mwaka jana, vitani."

"Fremu ya baba imekuwa nyeusi kwa moshi wa ubani. Yake mbona inang'aa?"

Bi Nhan aliongeza ubani. Na mlangoni, nani tena, alisimama Bi Thoa. Amekuja kutuuza, Bi Nhan aliwaza.

"Anaifuta kutwa kucha," alisema Bi Thoa. "Ya mumewe haigusi. Mwana ni mwana."

"Wewe ulimjua?"

"Karamu ya matanga yake, ya siku arobaini na tisa, nimekula humu humu. Wali wa kunata mbichi, unalia kwenye meno. Mpaka leo nikimwambia ananuna."

Askari mdogo alicheka. Waliinamia picha, wakatoka.

"Unataka nini?" Bi Nhan aliuliza.

"Chai."

Alimpa, lakini hakumwamini. Kwa wiki tatu alingoja bei itajwe, na kila siku Bi Thoa alitaka chai tu. Majeshi ya serikali na Wamarekani yaliporudi kuukomboa mji, kombora liliangukia jiko la Bi Thoa naye akiwa ndani. Wazo la kwanza la Bi Nhan lilikuwa kwamba sasa hakuna wa kutoa siri. La pili, kwamba Bi Thoa hakuwahi kudai zaidi ya chai, lilimtia haya mpaka akalia.

Baadaye ilisemwa kwamba mapigano yale yaligeuza mkondo wa vita vyote, kwamba hata huko Marekani watu walianza kuwashuku wakubwa wao. Bi Nhan aliona wamechelewa.

Khiem alishuka darini akiwa mzima, akaondoa picha yake mezani kwa mikono yake mwenyewe. Bi Thoa hakuacha mtoto wala picha, basi pale pale Bi Nhan aliweka bakuli, vijiti na kikombe cha chai. Siku ya arobaini na tisa alimpikia Bi Thoa wali wa kunata, akampa Khiem aonje.

"Umeiva, mama."

Alimtazama mwanawe kwa shaka, akaonja mwenyewe, kisha akaurudisha wali motoni.