Salamu Zilizotupwa na Kompyuta

Kitabu changu cha kwanza nusura kiuliwe na salamu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mchapishaji wa Dar es Salaam alikuwa ameikubali riwaya yangu kwa sharti moja: sura ya mwisho niiandike upya, niitume kwa barua pepe kabla ya mwezi kwisha. Nikichelewa, nafasi yangu angepewa mwengine.

Niliituma kutoka duka la intaneti la Mkunazini, huku kwetu visiwani, chumba chenye kompyuta nne na feni moja. Bibi yangu alinilea nikijua kwamba barua inayoanza na shida ni barua ya mtu asiye na kwao. Basi nikaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, nikamwita mhariri mpendwa, nikamuombea baraka yeye na kizazi chake, nikamfikishia salamu za bibi, nikamrehemu marehemu babu yangu aliyenifundisha kusoma. Aya nne nzima. Ndipo, kwa haya, nikasema sura nimeiambatisha.

Kimya. Wiki ya pili nikatuma tena na salamu nikazidisha, maana nilidhani nimemuudhi. Kimya. Mara ya tatu nikaongeza dua.

Zilibaki siku tatu. Mwenye duka, mama mtu mzima aliyewahi kuwa mwalimu, akanikuta nimekiinamia kioo.

"Hawajajibu tu?"

"Nshatuma mara tatu, mama. Wamenidharau."

"Hebu nione." Akavaa miwani, akasoma, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mwanangu, kitabu unatuma au posa unapeleka? Na lini mwanamke akaposa?"

Nakishukuru kicheko kile mpaka leo, kwa sababu hakuishia hapo. Alifungua barua zake mwenyewe, akanionyesha zile ambazo kompyuta ilizitenga kuwa taka: wajane wa majenerali wenye mamilioni ya kugawa, kila mmoja akianza na Mungu, mpendwa na marehemu.

"Wasome hao. Halafu jisome wewe."

Nikajisoma, uso ukaniwaka moto. Akanisogezea simu ya duka. "Wapigie."

Mhariri alipokea mwenyewe. "Hatujapata kitu kutoka kwako, dada. Tumeshaanza kumfikiria mwengine."

Nikamuomba atazame kwenye taka. Akasita. Matapeli walikuwa wamewachosha, akasema, hata fundi wao akaiamuru kompyuta izuie kila barua inayofanana na zao, na hakuna aliyekuwa akilifungua jalada lile. Nikasikia kiti kikilia, vidole vikigonga.

"Salala! Umo humu. Umekaa baina ya wajane wawili!"

Alicheka sana. "Kumbe wamo na wengine," akasema taratibu. "Mwalimu mmoja wa Jambiani anatuandikia tangu mwaka jana. Tulidhani amekata tamaa."

Kesho yake asubuhi jibu likaja. Liliniuliza hali yangu, likamuulizia bibi yangu, likamrehemu na babu. Mstari wa mwisho ndio uliosema kuwa sura imefika na kitabu kinaingia mtamboni. Mwenye duka aliusoma kwa sauti, wateja wote wakasikia. Nikaushika mkono wake nikaubusu.

"Haya, inuka kitini," akaniambia. "Mwenzio anangoja."